Chumba cha faragha hakipo, lakini miezi 20 ya rumande ipo: jibu kwa mke wa mfungwa wa Naivasha

*Swali: Salamu sana mzee. Naandika kutoka Bungoma. Mume wangu alifungwa miaka 9 kwa kuua bila kukusudia, na sasa amemaliza mwaka mmoja na miezi minne katika gereza kuu la Naivasha. Kabla ya hukumu alikaa rumande huku kwetu mwaka mmoja na miezi minane. Tangu apelekwe Naivasha nimefika mara tatu tu kwa sababu ya nauli. Tunaongea kupitia wavu, kelele tupu, na afande amesimama pale pale. Tuna binti wa miaka 11 na kijana wa miaka 5 ambaye anajua baba yuko kazini Nairobi. Nasikia nchi nyingine mke hupewa chumba akae na mumewe. Je, sheria yetu inaruhusu? Kama hairuhusu, nifanye nini ndoa isife? Tulioana kwa msajili, na watu wa ukoo wananiambia kifungo cha miaka 9 kimeshaivunja ndoa yenyewe. – Mama Nafula*

Mama Nafula, salamu zako nimezipokea. Nilivaa sare ya magereza miaka 27, mingi yake nikiwa ofisi ya maslahi ya wafungwa, na tangu nistaafu niko hapa Nakuru nikisaidia familia kuandika barua na maombi ya mahakamani. Barua kama yako nimezisoma nyingi, na kila moja huniuma kama ya kwanza. Kwa hiyo sitakuzungusha.

Sheria yetu hairuhusu. Kwa jinsi mambo yalivyo Kenya leo, mfungwa hana haki ya kukutana faraghani na mkewe au mumewe kwa ajili ya unyumba. Si Naivasha, si Kodiaga ya Kisumu, si Lang'ata ya wanawake. Hakuna fomu ya kuombea, hakuna chumba kilichotengwa, na hakuna afisa, hata mkuu wa gereza mwenyewe, aliye na mamlaka ya kukupa. Kanuni za Magereza, zilizotungwa chini ya Sheria ya Magereza, Sura ya 90, zinataka ndugu anapozungumza na mfungwa afisa awe mahali anapoona na kusikia. Wakili ndiye anayeruhusiwa kuzungumza na mteja wake pasipo kusikilizwa, ingawa naye huonekana. Yule afande uliyemkuta amesimama hakuwa anakuchunguza wewe kwa ubaya. Kanuni ndiyo iliyomsimamisha.

Nalisema hili wazi mapema kwa sababu iko siku utakutana na mtu langoni, au atakupigia simu, akuambie chumba kipo ila kina bei yake. Katika gereza moja nililohudumu, mama mmoja aliuza ndama akampa pesa mwanamume aliyedai anajuana na maafande. Akaja siku aliyoambiwa, amevaa kitenge kipya, amejipaka mafuta, akakaa kwenye benchi la wageni tangu asubuhi. Simu ya yule mtu ilikuwa imezimwa. Saa tisa ilipopita ikabidi niende nikamwambie ukweli. Hakulia. Alikunja leso yake mara nne, akaitia kwenye mkoba, akaniuliza kama bado kuna muda wa kumsalimia mumewe kwenye wavu. Muda ulikuwepo wa dakika chache, nikampeleka. Sijapata kumsahau. Jua basi kwamba chini ya Sheria ya Hongo ya mwaka 2016, anayetoa na anayepokea wote wana kosa, na mumeo akipatikana na hatia ndani ya gereza anaweza kupoteza siku za punguzo la kifungo ambazo nitakueleza hapa chini. Hasara yake ni kubwa kuliko unavyodhani.

Je, ni haki mambo yawe hivi? Mimi nasema si haki, na sioni sababu ya kunyamaza. Kifungu cha 51 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu aliyefungwa anabaki na haki zake zote, isipokuwa ile ambayo kwa wazi haiwezi kwenda pamoja na hali ya kuwa kifungoni. Haki ya kutembea atakako haiwezekani ukiwa gerezani, hilo kila mtu analielewa. Lakini kuwa mume wa mtu? Kifungu cha 45 kinaiita familia msingi wa jamii na kusema serikali iilinde. Siku ya hukumu jaji alitaja jina moja tu, na halikuwa lako. Wenye kupinga husema magereza yamefurika, wanaume wanalala wamebanana, chumba kitatoka wapi? Najua yamefurika, nimewahesabu usiku kwa macho yangu. Lakini msongamano ni sababu ya kutofanya leo. Haugeuzi swali la kama inafaa kufanywa.

Uliyoyasikia kuhusu nchi nyingine ni kweli. Kanada wana nyumba ndogo ndani ya uzio ambamo familia hukaa pamoja hadi saa 72. Jimbo la Punjab kule India lilianza kuwaruhusu wenzi mwaka 2022. Italia, Mahakama ya Katiba iliamua Januari 2024 kwamba si halali sheria kumlazimisha askari awaangalie wenzi muda wote bila kujali hali ya mfungwa mwenyewe. Jimbo la Mississippi huko Marekani, lililokuwa na utaratibu huo tangu zamani, liliufuta mwaka 2014. Majirani zetu Uganda na Tanzania hawana. Hata zile kanuni za Umoja wa Mataifa zinazoitwa Kanuni za Mandela, zilizopitishwa Desemba 2015, hazilazimishi nchi yoyote kutoa chumba. Kanuni ya 58 inasema pale ziara za wenzi zinaporuhusiwa, zisiwe na ubaguzi, na wafungwa wanawake wazipate sawa na wanaume. Basi.

Jina la kanuni hizo lina sababu yake. Mandela alipofika Robben Island aliruhusiwa mgeni mmoja na barua moja kila miezi sita. Mwaka 1984, akiwa tayari amehamishiwa gereza la Pollsmoor, ndipo alipomshika mkewe Winnie kwa mikono yake kwa mara ya kwanza baada ya miaka 21. Sikusimulii hivyo ili useme kumbe mimi nina nafuu. Nakusimulia kwa sababu ndoa za wafungwa zimepita kwenye vioo na nyavu kwa muda mrefu, na zile zilizovuka hazikuvuka kwa kusubiri chumba. Zilishikilia kila kilichoruhusiwa.

Sasa tuje kwenye kilichoruhusiwa, maana ni kingi kuliko ulichokuwa ukipewa.

La kwanza ni umbali. Wewe unatoka Bungoma, unapita Webuye, Eldoret, Timboroa, unashuka Nakuru, Gilgil, ndipo ufike Naivasha. Ni karibu kilomita 300 kwenda tu, kwa nauli ya watu wawili au watatu ukiwabeba watoto, kisha dakika chache kwenye wavu. Hakuna ndoa inayoweza kulishwa kwa safari hiyo. Kanuni ya 59 ya zile za Mandela inasema mfungwa, kadiri iwezekanavyo, awekwe karibu na kwao. Hapa kwetu mwenye mamlaka ya kumhamisha mfungwa ni Kamishna Jenerali wa Magereza, na maombi hupitia kwa mkuu wa gereza alipo. Kodiaga ya Kisumu ina wafungwa wa vifungo virefu kama chake, na kutoka kwako ni chini ya nusu ya safari unayofanya sasa. Kuna pia Kibos, na Kakamega.

Mumeo aanze yeye, kwa kumwambia afisa wa maslahi kwamba anataka kuomba uhamisho kwa sababu za kifamilia. Wewe uandike barua ya pili, ya kuunga mkono ombi lake. Ambatisha nakala ya kitambulisho chako, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, barua ya chifu inayoeleza unakoishi, na barua ya shule ikiwezekana. Andika habari za watoto na nauli. Taja ni mara ngapi umefika na ni mara ngapi umeshindwa. Usiandike malalamiko juu ya Naivasha, hata kama unayo. Barua ya malalamiko husomwa kwa jicho lingine na ile ya ombi kwa jicho lingine. Hakikisha nakala yako imepigwa mhuri wa kupokelewa. Wakikaa kimya miezi mitatu, andika tena ukirejelea tarehe ya ule mhuri. Nimeona ombi likikubaliwa katika barua ya tatu, na si kwa sababu ya tatu ilikuwa tamu zaidi. Ni kwamba faili lilikuwa limefika kwenye meza tofauti.

Kabla ya yote hayo muulize yeye mwenyewe. Huenda yuko katikati ya mafunzo, useremala au ushonaji, na anangoja kufanya mtihani wa ufundi wa serikali. Akihamishwa sasa huenda akaanza upya. Mwanamume anayetoka jela na cheti mkononi na yule anayetoka mikono mitupu hawarudi kwenye nyumba moja, na wewe ndiwe utakayeishi na mmoja wao.

La pili ni namna unavyomwona. Kumtembelea mfungwa ni bure. Hakuna ada ya lango, ya karatasi, wala ya kumwita. Kila gereza lina ratiba yake ya siku na saa, kwa hiyo uliza kabla ya kupanda gari. Chukua kitambulisho na namba yake ya mfungwa. Simu utaiacha langoni na utapekuliwa, na anayekupekua anapaswa kuwa mwanamke mwenzako. Chakula ulichopika nyumbani siku za kawaida kitarudishwa, usijichoshe. Pesa usimpe mkononi hata kama anakuomba: ziandikishwe ofisini kwa jina lake upewe risiti.

Lakini wavu si njia pekee. Mkuu wa gereza ana uwezo wa kuruhusu mtu amwone mfungwa wakiwa wameketi, bila wavu katikati, afisa akiwa chumbani humo humo, pale kuna sababu: ugonjwa, msiba, jambo la mtoto, nyaraka za kusaini. Familia nyingi haziombi kwa sababu hakuna anayewaambia. Wewe omba kwa maandishi, kupitia ofisi ya maslahi, wiki mbili au tatu kabla ya safari, na sababu yako iwe mtoto wa miaka 5 ambaye hajamwona baba yake tangu akiwa na miaka 2. Hiyo ni sababu nzito. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa mtoto haki ya kulelewa na wazazi wote wawili, na kinasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kutangulizwa katika kila jambo linalomhusu. Taja kifungu hicho ndani ya barua.

Kisha kuna siku za wazi. Hizi zilikuja na mabadiliko ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, yaliyoshika kasi Mzee Moody Awori, mtu wa Funyula kule Busia, alipopewa wizara iliyosimamia magereza. Sisi tuliokuwa kazini enzi hizo tuliona mambo mawili kwa pamoja: magodoro yakiingia ndani, na familia zikiingia uani. Siku ya wazi wavu haupo. Mnaketi kwenye nyasi au chini ya hema, mnakula pamoja, watoto wanamkalia baba yao magotini. Hazifuati kalenda moja nchi nzima, na mara nyingi huwekwa karibu na sikukuu au likizo za shule. Mwambie mumeo akuarifu mapema, na nauli ya safari mbili za wavu uiweke akiba kwa safari moja ya siku ya wazi.

Nikae kidogo kwenye watoto, kwa sababu huko ndiko ninakoona hatari kubwa kuliko kwenye unyumba.

Katika siku ya wazi mojawapo, binti wa darasa la nne alikuja na mama yake akiwa amebeba daftari la hesabu. Mwalimu alikuwa ametaka mzazi asaini kila ukurasa. Mama alikuwa na kalamu, lakini mtoto alikataa katakata mama asisaini. Akampa baba. Baba akatazama kurasa zote, polepole, kidole kikifuata kila jibu. Kwenye ukurasa mmoja akasimama, akasema, hapa umesahau kubeba moja. Mtoto akachukua kifutio, akasahihisha, akampa tena. Ndipo baba alipomwomba afande kalamu, akasaini ukurasa hadi ukurasa. Tangu siku hiyo nilikuwa nikiwaambia akina mama: msimletee mfungwa habari za watoto tu, mleteeni kazi ya kuwa mzazi. Binti yako wa miaka 11 apeleke ripoti yake ya shule. Ukitaka kumnunulia viatu, mngoje baba aseme rangi, hata kama jibu litachukua wiki mbili kwa barua.

Na yule mdogo, usimpeleke kabla hujamwambia ukweli. Ukimfikisha pale ambapo anategemea kuona ofisi ya Nairobi kisha akaona sare na marungu, atajifunza mambo mawili kwa siku moja: kwamba baba amefungwa na kwamba mama hudanganya. Mtoto wa miaka 5 anatosha kuambiwa kwa maneno machache: baba alifanya kosa, mtu akafa, jaji akamwambia akae mahali panapoitwa gereza kwa muda, hayuko huko kwa sababu yako, na anakupenda. Mwambie mkiwa nyumbani, jioni, dada yake akiwepo. Mweleze pia atakachokiona: lango kubwa, watu wa kumpekua, nguo ambazo baba huvaa. Atauliza kama baba analala kwenye kitanda. Jibu unachokijua.

Barua na simu nitavipitia haraka. Barua zake husomwa na afisa kabla ya kutoka, na zako kabla hazijamfikia. Ziandike ukijua hivyo, lakini usiache kuziandika. Afisa anayesoma barua arobaini kwa siku hana muda wa kuikumbuka yako. Maneno ya mapenzi hayajakatazwa. Simu hupigwa kupitia ofisi ya maslahi, kwa zamu, na namba yako lazima iwe imeandikishwa. Ukibadilisha laini bila kumjulisha, mtapoteana kwa miezi. Simu ya siri iliyoingizwa kwa kuficha ni kosa, na mara nyingi hugharimu familia kuliko inavyosaidia.

Na wakikunyima kumwona kwa sababu amefanya kosa la nidhamu, fahamu kwamba Kanuni ya 43 ya Mandela inakataza kumkatia mfungwa mawasiliano na familia kama adhabu. Yanaweza kupunguzwa kwa muda mfupi tu kwa sababu ya usalama. Anza na mkuu wa gereza, kwa heshima na kwa maandishi. Asipojibu, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ina ofisi Kitale na Kisumu, zote jirani na kwenu, na kupeleka malalamiko huko ni bure. Pia kila mahakama ina Kamati ya Watumiaji wa Mahakama ambamo hakimu au jaji, polisi, magereza na mawakili hukaa meza moja. Ya Bungoma inaweza kuulizia jambo la mfungwa aliyehukumiwa hapo.

Sasa sikiliza hili la mwisho kwa makini, kwa sababu hukuliuliza, na kwangu ndilo lenye thamani kuliko yote katika barua yako. Ni ile miezi 20 ya rumande.

Kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, Sura ya 75, kinaitaka mahakama inapotoa kifungo izingatie muda ambao mshtakiwa alishakaa kizuizini. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ilifafanua kwamba haitoshi jaji kusema "nimeuzingatia": muda wenyewe lazima uhesabike. Wafungwa wengi hukaa miaka bila kujua kama wao walihesabiwa. Muulize mumeo waranti yake ya kifungo inasema kifungo kinaanza tarehe gani. Ni siku ya hukumu, au siku ya kukamatwa?

Tuhesabu pamoja. Miaka 9 ni miezi 108. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Magereza kinampa mfungwa mwenye bidii na tabia njema punguzo la theluthi moja, isipokuwa kwa waliofungwa maisha na makosa machache ambayo la mumeo si mojawapo. Zinabaki miezi 72. Kama kifungo chake kinahesabiwa kuanzia hukumu, ametumikia miezi 16 na amebakiwa na 56, yaani miaka minne na miezi minane. Kama kingehesabiwa kuanzia alipokamatwa, ametumikia 36 na amebakiwa na 36. Miaka mitatu kamili. Binti yako angekuwa na miaka 14 baba akirudi, badala ya kukaribia 16. Chumba cha faragha cha usiku mmoja hakiwezi kukupa hicho.

Huenda jaji alishauhesabu muda huo, hapo hakuna la kudai na namba zangu zitakuwa zimekwisha kufanyiwa kazi. Lakini kama waranti inasema siku ya hukumu, na hukumu yenyewe haijauondoa muda wa rumande, mumeo anaweza kupeleka ombi katika Mahakama Kuu ya Bungoma iliyomhukumu, aombe kifungo kihesabiwe tangu kukamatwa. Majaji wamekuwa wakisikiliza maombi ya namna hii mara kwa mara, mengi yakiandikwa na wafungwa wenyewe kwa mkono kwa msaada wa wenzao waliofundishwa sheria humo ndani. Hahitaji wakili ili kuanza. Akitaka msaada, Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2016, huwasaidia wasio na uwezo. Mwombe pia aulize ofisi ya kumbukumbu ya gereza imemwandikia tarehe gani ya kuachiliwa ya mapema zaidi. Hiyo tarehe moja itakuonyesha hesabu waliyoitumia.

Kuhusu watu wa ukoo. Sheria ya Ndoa ya 2014, katika sehemu inayohusu ndoa za kiserikali kama yenu, inahesabu kifungo cha maisha au cha miaka saba na zaidi kuwa mojawapo ya dalili kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Hapo ndipo walipolitoa wazo lao. Lakini kifungu hicho ni mlango tu. Anayetaka kutoka ndiye anayeufungua, kwa kwenda mahakamani mwenyewe. Usipoenda, ndoa yenu iko hai kama ilivyokuwa siku mliyotia saini kwa msajili, na hakuna shemeji wala mzee wa ukoo anayeweza kutangaza vinginevyo, kukuondoa kwenye boma, au kukuchagulia mwanamume mwingine. Wala sikuambii lazima ubaki. Ukifika mahali ukashindwa, sheria haikuhukumu na mimi pia sikuhukumu. Inaniuma tu kwamba sheria hiyo hiyo imetambua kifungo kirefu kinaua ndoa, ikamwekea mke njia ya kutoka, na haikumwekea njia ya kuingia.

Kwa wiki hii fanya mambo mawili. Mwandikie mumeo barua ya ukurasa mmoja, binti yako aongeze mistari yake chini, yule mdogo achore anachotaka. Ndani yake muulize tarehe iliyo kwenye waranti, na akuandikie namba ya kesi yake yote na mwaka wake, kwa sababu bila hiyo karani wa Mahakama Kuu hawezi kulipata faili. Jibu likija, nitumie namba hizo na tarehe, nikusaidie kuandika ombi.